"Tumbo la chini linauma": maumivu ya tendo la ndoa na maneno yanayotukwama

Mwaka juzi nilialikwa kitchen party moja Moshi, ukumbi wa huko Majengo. Viti vimevishwa vitambaa vya zambarau, bibi harusi mtarajiwa kakalishwa mbele kwenye mkeka, kajitanda khanga, macho chini. Somo alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kujaza ukumbi, hodari wa kuchekesha. Alifundisha usafi, akafundisha namna ya kumpokea mume akitoka kazini na kero zake, akafundisha kiuno. Alipofika kwenye usiku wenyewe akasema, "Utaumia, mwanangu. Vumilia tu, utazoea." Vigelegele. MC akapandisha muziki.

Nyuma yangu mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu chenji, "Mwaka wa kumi na moja huu, mimi mbona sijazoea."

Tulikutana tena kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, na labda kwa sababu hatukuwa tunajuana akaniambia mengi. Ana watoto wawili. Ameshaenda kutibiwa mara nne au tano, vituo tofauti. Kila akikaa mbele ya mhudumu husema, "Tumbo la chini linauma." Kila mara hupewa kikopo cha mkojo, halafu dawa za UTI. Nikamuuliza kama aliwahi kusema linauma wakati gani. Akanitazama kama nimemtusi. "Nitaanzaje, dada?"

Tatizo hili lina sura nyingi za kitabibu, na nitazieleza, lakini kwa wanawake wengi wa huku kwetu linaanzia hapo: kwenye sentensi isiyotoka. Adabu ya Kiswahili imetupa "tumbo la chini", "kule chini", "sehemu za siri", maneno mazuri mbele ya wakwe. Mbele ya daktari yanapoteza njia. Tumbo la chini lina kibofu, kizazi, mirija, vifuko vya mayai na utumbo. Ukimtajia mhudumu mwenye foleni ya watu hamsini nje ya mlango eneo lenye vitu vyote hivyo, atachukua kile kinachopimika haraka, na kinachopimika haraka ni mkojo. Wakati mwingine si uvivu wake. Hajaambiwa.

Cha ajabu, lugha hii hii ni tajiri wa vitenzi vya maumivu. Kitu huwasha, huchoma, hukwaruza, hukata, huvuta, hunyonga, hupwita, hubana. Mchuuzi wa ndizi pale Mbuyuni akiumwa jino atakueleza kwa dakika tano linavyopwita likiguswa na chai ya moto. Maumivu ya faragha nayo yanastahili vitenzi vyake, kwa sababu kila kitenzi kinamwelekeza daktari upande wake.

Swali la kwanza atakalotaka lijibiwe ni dogo tu: ni mlangoni au ni ndani? Mlangoni maana yake ni pale mwanzoni, kuingia kwenyewe. Ndani maana yake kuingia hakuna shida, ila kuna kitu kinaguswa mbali, kama kugongwa, na pengine kinavuta hadi kiunoni au kinabaki kinauma saa kadhaa baada ya kumaliza. Swali la pili: tangu lini? Tangu siku ya kwanza kabisa, au kulikuwa na miaka ya raha kisha mambo yakabadilika? Majibu ya maswali hayo mawili yanapunguza nusu ya kazi.

Mlangoni

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni ukavu, na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Uke wa mwanamke aliyepevuka una ngozi laini yenye mikunjo na unatoa ute, na vyote viwili vinategemea homoni ya estrojeni. Ute wa wakati wa tendo nao unahitaji mwanamke awe ameandaliwa, na maandalizi hayana uhusiano na ratiba ya mume anayetaka kuwahi kulala kwa sababu kesho ana safari ya Namanga. Nasema hivi kwa utani, ila wapo wanaotafuta dawa miaka na miaka wakati kilichokosekana ni nusu saa.

Kuna vipindi ambavyo hata maandalizi hayatoshi. Cha kwanza ni kunyonyesha. Huku uchagani mama aliyejifungua anatunzwa kweli: mtori asubuhi, supu jioni, hagusi jembe, bibi anakuja kukaa. Anaelezwa kila kitu kuhusu maziwa yake, ila hakuna anayemwambia kwamba homoni inayoleta maziwa inashusha estrojeni, na kwa hiyo uke unaweza kukauka na kuwa mwembamba miezi yote anayonyonyesha. Mume akirudi chumbani anakuta mke anajikunja kwa maumivu, anahitimisha kwamba hapendwi tena. Mke naye anahitimisha kwamba ameharibika wakati wa kujifungua. Wote wamekosea. Ni hali ya muda, na hupungua mtoto anapopunguza kunyonya na hedhi kurudi.

Kipindi cha pili ni kukoma hedhi, ambako kwa wengi huja kati ya miaka 45 na 55. Joto la ghafla na jasho la usiku hupungua na miaka, lakini ukavu wa uke hauna tabia ya kuondoka wenyewe; ukiachwa, mara nyingi unazidi. Ngozi inakuwa nyembamba, inachanika kirahisi, mkojo nao unaanza kuchoma. Ipo krimu yenye estrojeni kidogo ya kupaka ukeni ambayo daktari anaweza kuandika. Nawataja mama zetu hawa kwa makusudi, kwa sababu wakifika zahanati na miaka 58 wakasema wanaumia kwenye tendo la ndoa, kuna wahudumu vijana wanaoona aibu kwa niaba yao na kubadilisha mada kwenda kwenye presha.

Kwa ukavu wa aina yoyote, vilainishi vya asili ya maji vinauzwa kwenye maduka ya dawa na vinasaidia mara moja. Mafuta ya nazi wengine wanayapenda, lakini mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na losheni hudhoofisha kondomu za mpira hadi zipasuke. Ukitumia kondomu, chagua cha maji.

Sasa niseme jambo ambalo litawakwaza baadhi ya masomo wa kitchen party. Shabu, limau, majani ya kufukiza, sabuni zenye harufu, vidonge vya "kubana" vinavyouzwa kwa siri ndani ya pochi: vyote vinaharibu. Uke unajisafisha wenyewe. Una bakteria walinzi wanaotengeneza tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayozuia wadudu wengine. Ukiupitisha shabu hadi ukauke, unaua walinzi, unaleta michubuko, na michubuko ni mlango wa maambukizi, virusi vya Ukimwi vikiwemo. Mwanamke anaumia, anadhani anaumia kwa sababu "amelegea", anaongeza shabu. Maji tu, kwa nje tu.

Maambukizi nayo huuma mlangoni. Fangasi huwasha sana na kuleta uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Zikirudi kila mwezi, pima na sukari kwenye damu. Trikomona huleta uchafu wa kijani au njano wenye harufu, na huambukizwa kwa kujamiiana, kwa hiyo mnatibiwa wote wawili. Malengelenge yanayopasuka na kuwa vidonda vyenye kuchoma huenda ni hapesi. Uvimbe unaojitokeza upande mmoja wa mlango, wa moto na wenye kupwita, mara nyingi ni tezi iliyoziba, na huo hutumbuliwa hospitali, si kwa sindano ya kushonea nyumbani. Ukiona ngozi ya nje imekuwa nyeupe na nyembamba kama karatasi, inawasha usiku, usijitibu kwa dawa za fangasi mwaka mzima. Kuna ugonjwa wa ngozi wa namna hiyo, una dawa yake, na unatakiwa kufuatiliwa.

Kisha kuna makovu. Wanawake wengi huongezewa njia wakati wa kujifungua, au huchanika, na kushonwa. Tunahesabu arobaini, tukifika arobaini tunaona ruhusa imetolewa. Siku arobaini ni kipimo kizuri cha damu kukatika, ila mshono haujui kuhesabu. Upo unaopona wiki ya nne, upo unaoacha kovu gumu linalovutwa kila linapoguswa. Dalili yake huwa wazi: unaweza kuonyesha kwa kidole kimoja mahali penyewe. Kovu hilo linaweza kukandwa taratibu kwa maelekezo, linaweza kutibiwa, na likizidi linaweza kurekebishwa kwa upasuaji mdogo.

Kovu jingine ni la ukeketaji, na kwa mkoa wa Arusha si jambo la pembeni. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta mwanamke mmoja kati ya kumi nchini, wa umri wa miaka 15 hadi 49, amekeketwa. Arusha walikuwa kama wanne kati ya kumi, na jirani zao Manyara zaidi ya nusu. Kinachokatwa ni sehemu yenye mishipa mingi ya fahamu. Kinachobaki kinaweza kuwa kovu gumu, uvimbe mdogo chini ya kovu, au mlango uliobanwa. Nimeongea na dada wa kimaasai anayeuza shanga, akaniambia haendi kupimwa kwa sababu akivua nguo ataulizwa, na akiulizwa polisi watamfuata mama yake. Sheria ya mwaka 1998 inawashika wanaomkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Haimgusi mwanamke mzima aliyekwenda kutibiwa kovu lake. Muuguzi anauliza ili ajue anachokitibu.

Mwili unapokataa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo sura isiyoeleweka kuliko zote, na inayovunja ndoa kimyakimya.

Umepanda bodaboda kutoka Kijenge, vumbi linapulizwa usoni. Kope zimeshafunga kabla hujaamua kuzifunga. Hukukaa ukafikiri. Hata ungependa kuangalia mbele, jicho limejilinda lenyewe. Misuli inayozunguka uke, ile ile unayoikaza ukizuia mkojo, ina kinga ya namna hiyo. Ikishajifunza kwamba kinachokuja kitauma, inakaza kabla ya kuguswa. Mwanamke anampenda mumewe, moyo unataka, na mwili unafunga. Mume anaeleza kwamba ni "kama kugonga ukuta". Mke anasema anachanika au anawaka moto. Akijaribu tena anaumia tena, na misuli inazidi kusadiki kwamba ilikuwa sahihi. Maumivu yanazaa hofu, hofu inakaza misuli, misuli inaleta maumivu.

Inaweza kuanza siku ya kwanza kabisa, hasa kwa binti aliyelelewa akiambiwa miaka ishirini kwamba huko ni uchafu na dhambi, kisha Jumamosi moja akaambiwa kuanzia leo ni halali, vumilia. Inaweza kuanza baada ya kuumizwa, kubakwa, uzazi mgumu, au hata baada ya fangasi za muda mrefu: fangasi zimepona, misuli haijapata habari. Na kuzaa hakuiondoi. Yule mama wa Majengo aliwahi kumdokezea muuguzi mmoja, akajibiwa, "Umezaa wawili, mtoto apite halafu mume ashindwe?" Ndiyo, inawezekana. Misuli inaachia kwenye uchungu wa uzazi na inafunga kitandani. Ni mazingira mawili tofauti.

Tiba ipo na inafaulu kwa wengi, ila haina haraka. Mtaalamu wa fiziotherapia anamfundisha mwanamke kuitambua misuli hiyo, kuikaza na, muhimu zaidi, kuiachia, pamoja na kupumua kwa tumbo. Hutumika pia vipanulio laini vya ukubwa unaopanda taratibu, ambavyo mwanamke anaviweka mwenyewe, kwa wakati wake, mlango ukiwa umefungwa. Ushauri nasaha unaenda sambamba, mara nyingi na mume akiwemo. Tendo lenyewe husimamishwa kwa muda, yaani wanarudi kwenye kushikana na kukumbatiana bila lengo la kuingia, ili mwili uache kusubiri kipigo. Ni kazi ya wiki na miezi. Kinachokatazwa ni kulazimisha, na ule ushauri wa marafiki zetu wa kike kwamba "kunywa bia mbili ujilegeze". Bia hailegezi kinga hii, inakupunguzia tu uwezo wa kusema hapana.

Ndani

Maumivu ya ndani kabisa yana orodha yake, na mbele ya orodha hiyo naweka endometriosisi kwa sababu inachelewa kugunduliwa. Ni tishu inayofanana na ile ya ukuta wa ndani wa kizazi, lakini imeota nje: nyuma ya kizazi, kwenye vifuko vya mayai, kwenye utumbo. Kila mwezi nayo inavimba na kuvuja damu, ila haina pa kutokea. Duniani inakadiriwa kumpata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Mgonjwa wake unaweza kumtambua kwa historia yake ya shule: ndiye yule msichana aliyelazwa bwenini kila hedhi, akaambiwa anadeka. Baadaye anaumia ndani kwenye tendo, anaumia akienda haja kubwa siku za hedhi, mimba inachelewa. Akipigwa altrasaundi mara nyingi inaonekana safi, na hapo ndipo anapoambiwa hana kitu. Altrasaundi safi haiiondoi endometriosisi. Kwenye hospitali zenye madaktari bingwa anaweza kuangaliwa kwa kamera inayoingizwa tumboni kupitia tundu dogo, au kuanzishiwa dawa za homoni kwa historia yake tu. Na ile kauli kwamba "ukizaa yataisha" si tiba; wapo waliozaa na yakaendelea.

Ya pili ni PID. Sijui kama kuna nguzo ya umeme kati ya Kilombero na Mbauda isiyo na karatasi iliyobandikwa: "Tunatibu PID sugu, UTI sugu, nguvu za kiume", na namba ya simu chini. PID ni ugonjwa wa kweli: bakteria, mara nyingi wa klamidia au kisonono, wanapanda kutoka mlango wa kizazi hadi kizazi na mirija. Klamidia inaweza kukaa miezi bila dalili yoyote huku ikiharibu mirija. PID inatibiwa kwa mchanganyiko wa antibiotiki unaokamilishwa kwa siku zote zilizoandikwa, na mwenzi anatibiwa hata kama hasikii chochote, na hamkutani mpaka wote mmalize. Mara nyingi "usugu" unaotangazwa nguzoni una maelezo rahisi: dozi iliachwa katikati, mume hakutibiwa, au tangu mwanzo haikuwa PID. Unga wa kijani kwenye chupa ya maji hautibu hata mojawapo ya hayo.

Uvimbe kwenye kizazi na vivimbe vya maji kwenye vifuko vya mayai navyo huleta maumivu ya kugongwa, na hivi altrasaundi huviona vizuri. Makovu ya ndani baada ya upasuaji yanaweza kuvuta. Choo kigumu cha siku nyingi, na kibofu chenye matatizo, vinaweza kuiga maumivu ya kizazi. Kizazi kilichoinamia nyuma si ugonjwa. Wanawake wengi wako hivyo, na kikigongwa kwenye mkao fulani, badilisheni mkao.

Kuna kimoja kinachosahaulika kwa wanaohamia Arusha na Moshi kutoka Kanda ya Ziwa. Kichocho cha kwenye mkojo kinaweza kutaga mayai yake kwenye uke na mlango wa kizazi. Mwanamke anaumia, anatokwa damu akikutana na mumewe, anatibiwa magonjwa ya zinaa bila mafanikio na kutiliwa shaka uaminifu wake, kumbe chanzo ni bwawa aliloogelea akiwa na miaka tisa. Ukiwa umekulia karibu na maji ya namna hiyo, mwambie daktari. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya miaka mingi na inajulikana.

Wakati wa kwenda, na wakati wa kukimbia

Maumivu ya mara moja yaliyotokana na haraka au uchovu hayahitaji hospitali. Yakijirudia mara tatu nne, au yakikufanya uanze kubuni visingizio vya kutolala mapema, nenda. Huhitaji kusubiri yawe makali.

Damu baada ya tendo ni habari nyingine. Hata kama ni matone tu, hata kama haikuumi, na zaidi kama hedhi ilishakoma, hiyo ipimwe ndani ya siku chache. Inaweza kuwa kitu chepesi, lakini saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, hujitambulisha kwa damu hiyo kabla ya maumivu. Kilimanjaro ndiko chanjo ya virusi vinavyoisababisha ilikoanzia kwa majaribio mwaka 2014, kabla ya kwenda nchi nzima 2018, kwa hiyo wapo mabinti wa mkoa huu waliokwisha kulindwa. Mama zao hawakuchanjwa. Kwao kuna kipimo cha siki: mlango wa kizazi unapakwa siki nyepesi, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe, unaambiwa majibu ukiwa bado kitandani, na mabadiliko ya mwanzo mara nyingi yanaweza kutibiwa siku hiyo hiyo. Kinalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU huanza mapema, kwa kuwa hatari yao ni kama mara sita ya wengine.

Homa pamoja na maumivu ya nyonga na uchafu wenye harufu: siku hiyo hiyo. Hedhi imepita tarehe, maumivu yako upande mmoja, kizunguzungu, pengine na bega linauma: usisubiri kuche, hiyo inaweza kuwa mimba nje ya kizazi, na inaua kwa damu inayovuja ndani bila kuonekana. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja na kutapika, vivyo hivyo. Na kama kilichotokea hakikuwa tendo la ndoa bali kubakwa, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, kila saa ikihesabika. Za kuzuia mimba ndani ya siku tano.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Wakishindwa watakuandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa, kwa huku kwetu Mawenzi ya Moshi au Mount Meru ya Arusha, na ikibidi kwenda KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo tangu 1971. Siku mbili kabla usiweke dawa ukeni wala kujiosha ndani. Unaweza kuomba uhudumiwe na mwanamke, unaweza kuingia na ndugu, na unaweza kusema "subiri kwanza" katikati ya kipimo na kipimo kikasimama. Kifaa cha kupanulia uke kina ukubwa mbalimbali, omba kidogo. Kwa maumivu ya mlangoni mara nyingi hawaanzi na kifaa hicho kabisa. Wanachukua kijiti chenye pamba na kugusa taratibu kuzunguka mlango, kama mshale wa saa unavyopita namba, na wewe unasema wapi panawaka.

Kwa wanaume nina sentensi moja: mkeo akisema anaumia, simama, kisha kesho msindikize.

Yule mama wa Majengo alinipigia miezi michache baadaye, yuko kwenye kifodi anatoka hospitali, kelele za konda nyuma yake. Alikuwa ameshindwa tena kusema. Safari hii lakini alikuwa ameandika kwenye karatasi ya daftari la mwanawe, akaikunja mara nne, akaisukuma mezani: "Ni tendo la ndoa. Mlangoni. Kama nachanwa. Tangu siku ya kwanza." Muuguzi aliisoma, akanyanyuka, akafunga mlango kwa komeo, akarudi kukaa. Mkojo hawakupima hadi mwisho kabisa. Walimpangia fiziotherapia Alhamisi mbili kwa mwezi, na shida yake kubwa siku ile alipopiga ilikuwa amwambie nini bosi wake kuhusu hizo Alhamisi.